UZI: Kwa nini Ufaransa? Majibu mawili mnayopigania, na la tatu mnaloliruka

Juzi video ya zamani ya shambulio la Bataclan ilianza kuzunguka hapa tena, na ndani ya nusu saa mkawa mmegawanyika kama kawaida yenu. Upande mmoja: "Wamejitakia, wangeacha kupiga nchi za watu mabomu." Upande wa pili: "Hao wanachukia uhuru tu, hata ungewapa nini wangekuja." Watu wawili ninaowafuata, ambao wamekuwa wakicheka pamoja hapa tangu nikiwa fomu tatu, wakablokiana. Nikasema wacha niandike.

Masharti ya nyuzi hizi mnayajua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama, wa huku wala wa kule. Leo naongeza sharti moja. Majina ya wauaji pia siyataji. Wengi wao walitamani sana kujulikana, na mimi sina haja ya kuwasaidia.

Na kabla mtu hajanirukia: kueleza si kutetea. Daktari akikwambia umepata kipindupindu kwa sababu ya maji ya kile kisima, hajasema ulistahili kuugua. Anataka kisima kijulikane.

Haya. Tuanze.

Nimechagua Ufaransa badala ya kusema "nchi za Magharibi" kwa jumla, kwa sababu ukisema "Magharibi" unapoteza swali lenyewe. Ureno ni Magharibi. Ireland ni Magharibi. Swali ni kwa nini baadhi ya nchi hizo hupigwa tena na tena na nyingine karibu haziguswi. Kati ya Januari 2015 na Julai 2016, muda wa miezi 18 tu, zaidi ya watu 230 waliuawa Ufaransa katika mashambulizi ya aina hii. Januari 2015, gazeti la vibonzo la Charlie Hebdo, askari polisi, na duka la Wayahudi jijini Paris: 17. Usiku wa tarehe 13 Novemba mwaka huo huo, uwanja wa mpira, mikahawa na ukumbi wa muziki wa Bataclan: 130. Tarehe 14 Julai 2016, sikukuu yao ya taifa, lori liliendeshwa juu ya umati wa watu waliokuja kutazama fataki huko Nice: 86, na watoto wakiwemo.

Sasa tuchukue kundi la "wamejitakia" kwanza, maana ndilo lina wafuasi wengi hapa kwetu, na sababu ya kuwa nao naielewa.

Historia inawapa silaha nzuri. Ufaransa iliingia Algeria mwaka 1830 ikaondoka 1962, baada ya vita vya karibu miaka minane vilivyojaa mateso na vijiji vilivyoteketezwa. Mwaka mmoja kabla ya uhuru, tarehe 17 Oktoba 1961, polisi wa Paris waliwashambulia Waalgeria waliokuwa wakiandamana kwa amani jijini humo. Wengine walitupwa mtoni Seine. Ilichukua miongo mingi kabla serikali kukubali kulizungumzia jambo hilo hadharani. Sisi tuliosoma habari za kambi za Mau Mau hatuhitaji kufafanuliwa jinsi kitu kama hicho kinavyokaa ndani ya familia.

Halafu mwaka 1992 jeshi la Algeria lilifuta uchaguzi ambao chama cha Kiislamu kilikuwa kinaelekea kuushinda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, na waasi wakaiona Paris kama mlezi wa majenerali. Desemba 1994 ndege ya Air France ilitekwa Algiers, ikaishia Marseille ambako makomando waliivamia. Julai 1995 bomu lililipuka katika kituo cha treni cha Saint-Michel, Paris, watu wanane wakafa. Kwa hiyo ugaidi wa aina hii Ufaransa haukuanza na ISIS, wala na vibonzo. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Mimi pia.

Miaka ya karibuni mnaijua zaidi. Januari 2013 jeshi la Ufaransa liliingia Mali kuzuia makundi yenye silaha yaliyokuwa yakishuka kuelekea kusini. Septemba 2014 ndege zake zikaanza kupiga ISIS nchini Iraq. Mwezi huo huo msemaji wa ISIS akatoa hotuba akiwataka wafuasi waue raia wa nchi za muungano huo popote walipo, na akawataja Wafaransa kwa jina. Septemba 2015 mabomu yakaanza kushuka Syria pia. Manusura wa Bataclan walisimulia kwamba wauaji, katikati ya kufyatua risasi, walikuwa wakiwaambia mateka habari za mabomu ya Syria.

Kuna msomi wa Marekani, Robert Pape, aliyekusanya mashambulizi ya kujitoa mhanga kutoka 1980 hadi 2003, akaandika kitabu mwaka 2005. Hoja yake kwa kifupi: kinachounganisha mashambulizi mengi hayo ni jeshi la kigeni kukaa juu ya ardhi ambayo washambuliaji wanaiona ni yao. Dini huongeza moto, lakini si ndiyo kiberiti. Kitabu hicho kimepingwa sana tangu hapo, lakini huwezi kukiruka.

Basi, kesi imekwisha? Hapana. Angalieni tarehe.

Agosti 2015 mtu mwenye bunduki aliingia ndani ya treni ya Thalys iliyokuwa ikitoka Amsterdam kwenda Paris. Abiria walimrukia wakamfunga, bila hivyo tungekuwa tunahesabu maiti nyingine. Mtandao uliomtuma ni ule ule uliofanya Novemba. Lakini ndege za Ufaransa zilianza kupiga Syria mwishoni mwa Septemba. Yaani mpango ulikuwa njiani kabla ya "sababu" iliyotajwa ndani ya Bataclan. Unaweza kuniambia Iraq ilikuwa imeshaanza, na hilo ni kweli. Ninachosema ni kwamba anachotaja muuaji siku ya kuua si lazima kiwe ndicho kilichomtoa nyumbani. Gaidi naye ana matangazo yake ya biashara.

Halafu angalieni nani aliuawa. Machi 2012 mtu mmoja kule Toulouse na Montauban aliua wanajeshi watatu, baadhi yao Waislamu wenye asili ya Afrika Kaskazini, kisha akaenda kwenye shule ya Wayahudi akaua mwalimu na watoto watatu. Mtoto wa shule hajapeleka jeshi popote. Ukishikilia "sera ya nje tu" hapa, inabidi uruke hao watoto, na mimi sijui mtu anawarukaje.

Na wale wawili wengine wa baadaye. Oktoba 2020 mwalimu wa historia, Samuel Paty, aliuawa karibu na shule yake nje ya Paris kwa sababu alionyesha vibonzo darasani wakati wa somo la uhuru wa kujieleza. Oktoba 2023 mwalimu mwingine akachomwa kisu shuleni kwake mjini Arras. Vijana waliofanya hivyo walikuwa na asili ya Kaukazi, upande wa Urusi. Ufaransa haijawahi kutawala huko. Na kufikia Arras, mwanajeshi wa mwisho wa Ufaransa alikuwa ameshaondoka Mali tangu Agosti 2022. Kwa hiyo mnaoniambia "waondoe majeshi mambo yaishe", jeshi si swichi ya taa. Hispania iliwahi kujaribu: mabomu ya treni za Madrid yaliua zaidi ya watu 190 mwezi Machi 2004, siku tatu kabla ya uchaguzi, serikali ikabadilika na wanajeshi wakarudishwa kutoka Iraq. Agosti 2017 Barcelona ikapigwa. Kuondoka Iraq kunaweza kuwa kulikuwa uamuzi mzuri kwa sababu nyingine nyingi tu. Kinga ya milele haikuwa.

Haya, upande wa pili msifurahi bado.

"Wanachukia uhuru." Kuna kitu ndani yake. Shabaha zilizochaguliwa zinasema jambo: gazeti linalomdhihaki kila mtu, duka la Wayahudi, tamasha la muziki, mikahawa ya Ijumaa usiku, sikukuu ya mapinduzi yao. Ofisi za Charlie Hebdo zilikuwa zimeshachomwa moto mwaka 2011. Hawa watu wana itikadi, na kuwanyang'anya itikadi yao ili hoja yetu ya ukoloni ikae vizuri ni kuwadharau kwa namna fulani. Wanasema wanachoamini, tuwasikilize.

Lakini kama uhuru peke yake ndio sumaku, mbona si kila nchi huru inavutwa sawasawa? Vibonzo vyenyewe vilianzia Denmark mwaka 2005. Denmark ilipigwa, Februari 2015, wakafa watu wawili. Ni msiba, lakini haukaribii yaliyotokea Ufaransa. Osama bin Laden mwenyewe, kwenye video ya Oktoba 2004, aliwacheka wanaosema anachukia uhuru: akauliza mbona basi hatujaipiga Sweden? Kundi la kwanza huwa linaipenda sana video hiyo, ila halimalizii hadithi. Desemba 2010 mtu alijilipua Stockholm, na Aprili 2017 lori likaua watano katikati ya jiji hilo hilo. Hata yeye alikuwa anauza kitu.

Ufaransa pia ina jambo lake la pekee kuhusu dini. Tangu sheria ya 1905 dola na dini zimetengana kabisa, na wao wanaichukulia hiyo kama sisi tunavyochukulia wimbo wa taifa. Mwaka 2004 wakapiga marufuku alama za wazi za dini katika shule za serikali: hijabu, msalaba mkubwa, kofia ya Kiyahudi. Sheria ilisema wote, lakini kila mtu alijua mjadala ulikuwa wa hijabu. Mwaka 2010 ikafuata ya kufunika uso hadharani. Naibu wa bin Laden alitoa kanda ya sauti kuilaani sheria ya 2004 mwaka huo huo. Kwa nchi yenye mojawapo ya jamii kubwa zaidi za Waislamu Ulaya Magharibi, mamilioni ya watu, hapo mwenye kuhubiri chuki anapata mada ya bure kila Septemba shule zikifunguliwa. Hilo halimaanishi msichana aliyeambiwa avue hijabu langoni anakuwa gaidi. Wasichana hao ni maelfu kwa maelfu. Magaidi ni wachache mno. Ila mwenye kutafuta wanunuzi anapata kibanda sokoni.

Na sasa tufike mahali ambapo pande zote mbili huwa mnapita mbio: mikono. Chuki inaweza kuwa nyingi na sababu zikajaa gunia, lakini bila watu wa kufanya kazi hiyo hakuna shambulio.

Tazameni Italia. Ilipeleka wanajeshi Iraq na Afghanistan. Ina Papa ndani ya mji wake mkuu. ISIS waliweka picha ya bendera yao juu ya Vatican kwenye jalada la jarida lao mwaka 2014 na kurudia vitisho dhidi ya Roma hadi vikachosha. Hadi leo Italia haijapata shambulio la aina hii la kuua makumi ya watu. Kama ni sera, inayo. Kama ni ustaarabu wa Kikristo, inao kuliko wote. Tofauti moja kubwa ni kwamba idadi ya vijana waliotoka Italia kwenda Syria ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na Ufaransa, ambako walitoka zaidi ya 1,000, au na Ubelgiji, ambayo ni ndogo lakini ilitoa wengi kuliko nchi yoyote ya Ulaya Magharibi ukigawanya kwa idadi ya watu. Italia pia hufukuza haraka mgeni asiye raia anayeshukiwa, jambo ambalo Ufaransa haikuweza kwa wauaji wake wengi wa 2015 kwa sababu rahisi: walikuwa raia. Wamezaliwa hapo au nchi jirani. Wale ndugu wawili wa Charlie Hebdo walizaliwa Paris.

Kuna kisa kimoja ambacho tangu nikisome hakijanitoka. Mwaka 1992 mwanasosholojia Mjerumani alikwenda Vaulx-en-Velin, kitongoji cha Lyon, kufanya utafiti juu ya vijana wa familia za wahamiaji. Akamhoji kijana mmoja, mahojiano marefu. Kijana akamweleza alivyojiona hana nafasi kule sekondari, alivyoingia wizi, na jinsi dini alivyoijua vizuri akiwa gerezani. Miaka mitatu baadaye picha ya kijana huyo ilikuwa imebandikwa nchi nzima kama mtu anayesakwa kuliko wote kwa mabomu ya 1995. Akauawa na maafisa wa usalama Septemba mwaka huo, na mahojiano yakachapishwa gazetini baada ya kifo chake. Miaka ishirini mbele: mmoja wa ndugu wa Charlie Hebdo na yule wa duka la Wayahudi walijuana wapi? Gerezani, Fleury-Mérogis, kusini mwa Paris.

Hapo ndipo wasomi wawili wa Kifaransa wanapogombana, na ugomvi wao ni mtamu kuliko wenu. Olivier Roy anasema hawa ni vijana waasi waliokuwa wanatafuta vita yoyote ya kupigana, wakaikuta hii ndiyo inapatikana. Wengi dini hawaijui, walikuwa wakinywa na kuuza bangi miezi michache kabla. Uasi umevaa kanzu. Gilles Kepel anamjibu kwamba hilo ni kutosoma maandishi yao. Kwamba kuna fikra zilizosambazwa kwa makusudi, kuna mitaa ambako mahubiri fulani yaliota mizizi, na kuna kitabu kirefu cha mwanamkakati mmoja wa jihadi wa Kisyria, kilichowekwa mtandaoni mwaka 2005, kilichoiona Ulaya kama tumbo laini la Magharibi.

Mimi, mwanafunzi tu, naona Roy anaeleza vizuri zaidi nani anajiunga, na Kepel anaeleza vizuri zaidi nani anawatuma na kwa nini wanaelekezwa mlango huu na si ule. Mhadhiri wangu hakukubaliana nami na alinipa alama ipasavyo.

Na hilo la mwisho, kwa nini mlango huu, ndilo jibu la tatu mnaloliruka.

Tunajadili ugaidi kama ngumi: nani alimpiga nani kwanza, nani anastahili. Lakini ngumi humlenga anayepigwa. Ugaidi unamlenga anayetazama. Waliokufa Bataclan hawakuwa wapokeaji wa ujumbe, wao walikuwa karatasi. Swali la kuuliza ni: mtumaji alitaka nani aisome, na afanye nini?

Hatuhitaji kubahatisha. Februari 2015, wiki chache baada ya Charlie Hebdo, jarida la ISIS la Dabiq lilichapisha makala ndefu kuhusu kitu walichokiita eneo la kijivu. Eneo la kijivu ni yule Mwislamu anayeishi Paris, anayelipa kodi, anayefunga Ramadhani, ana jirani Mkatoliki, Ijumaa yuko msikitini na Jumamosi yuko mpirani. Huyo kwao ni tatizo kubwa kuliko askari wa Kifaransa. Kwa sababu uwepo wake unawaumbua: wao wanasema Mwislamu hawezi kuishi huko bila kuacha dini yake, na yeye anaishi. Makala ilisema wazi kwamba eneo hilo lazima life. Na njia ya kuliua ni mashambulizi yatakayowafanya wenyeji wamgeuke, hadi Mwislamu huyo abaki na njia mbili tu: aache dini au aje kwao.

Rudini sasa kwenye orodha ya shabaha. Nchi inayofaa kupigwa, kwa hesabu hiyo, ni ile ambayo tayari ina ufa na ambako pigo litaupanua. Ina jamii kubwa ya Waislamu. Ina kidonda cha ukoloni. Ina vitongoji vilivyotengwa na polisi wasioaminika humo. Ina mjadala mkali wa dini shuleni, na ina wanasiasa wanaosubiri. Ufaransa ilikuwa na vyote hivyo, pamoja na mikono. Jeshi la Mali na vibonzo vilikuwa sababu za kuandika kwenye bahasha.

Ndiyo maana hawakujali Waislamu waliokufa humo. Polisi aliyeuawa barabarani nje ya Charlie Hebdo akiwa chini amejeruhiwa alikuwa Mwislamu. Nice waliuawa Waislamu wengi, mama wa hijabu akiwa kati ya wa mwanzo kabisa kugongwa. Na ndani ya lile duka la Wayahudi, mfanyakazi kijana Mwislamu mzaliwa wa Mali aliwaficha wateja kwenye chumba cha baridi cha chini. Ufaransa ilimpa uraia mwezi huo huo. Huyo kijana ndiye eneo la kijivu lenyewe, amesimama mzimamzima.

Je, bahasha ilifika? Nusu. Ufaransa ilitangaza hali ya dharura usiku ule wa Novemba, ikaendelea nayo hadi Novemba 2017, na mengi ya masharti yake yakahamishiwa kwenye sheria ya kawaida. Zaidi ya nyumba 4,000 zilipekuliwa bila kibali cha hakimu, milango ikivunjwa usiku, na kesi za ugaidi zilizotoka humo zilikuwa chache sana. Serikali ikapendekeza katiba ibadilishwe ili Mfaransa wa kuzaliwa mwenye uraia pacha aweze kuvuliwa uraia akihukumiwa kwa ugaidi. Fikirieni maana yake: raia wa daraja mbili, waliozaliwa hospitali moja. Waziri wa sheria alijiuzulu akilipinga, na Machi 2016 pendekezo likaondolewa. Upande mwingine, walikamata, walichunguza, na kuanzia Septemba 2021 hadi Juni 2022 wakaendesha kesi ya Novemba 13 mahakamani Paris, washtakiwa 20, na mamia ya manusura wakipewa nafasi ya kusema mbele ya hakimu. Iliendelea miezi kumi. Ilichosha. Naona hiyo ndiyo bahasha iliyorudishwa kwa mtumaji.

Sasa kwetu, kwa ufupi, maana najua mnasubiri.

Al-Shabaab si ISIS, wao walijiunga na al-Qaeda, na Kenya si Ufaransa. Lakini hesabu ya ufa ni ile ile. Aprili 2015 pale Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, washambuliaji waliwatenganisha wanafunzi Wakristo na Waislamu. Hawakuwa wanafanya sensa. Walikuwa wanachora mstari ili sisi tuukanyage baadaye. Na mwaka mmoja kabla, Aprili 2014, sisi wenyewe tulikuwa tumeshauchora: maelfu ya watu walikusanywa Eastleigh na kwingineko wakapelekwa uwanja wa Kasarani, wengi wao kwa kosa la kuonekana Wasomali. Mwenzangu wa chumba hosteli alikuwa mtoto wakati huo. Anakumbuka mamake akilala na vitambulisho vya nyumba nzima ndani ya dira. Na anakumbuka binamu yake aliyerudi baada ya siku nne akiwa hataki kuongea na mtu. Binamu huyo leo ana duka la simu, ni mtu mpole. Lakini mwenzangu huniambia kulikuwa na mwaka mmoja ambapo familia ilikuwa inamwangalia sana anakotembea na anakosikiliza mawaidha.

Tarehe 21 Desemba 2015, wiki tano tu baada ya Bataclan, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak. Amri ikawa ile ile: Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wameshawavisha Wakristo hijabu na mitandio yao ndani ya basi. Wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu mmoja Mwislamu alipigwa risasi pale na akafa hospitalini Januari 2016.

Kwenye majibu ya ile video ya juzi, mtu mmoja mwenye wafuasi wengi aliandika: "Ufaransa warudishe wote kwao, na sisi tuanze na Eastleigh." Alipata likes elfu na kitu. Mwenzangu alinionyesha kwenye simu yake, hakusema neno, akaendelea kupiga pasi shati.

Nina CAT ya takwimu kesho saa mbili, majibu nitayasoma jioni. Wiki ijayo ni ule uzi mlioomba wa bajeti za kaunti na kwa nini pesa huchelewa.